Konbini za Japani: huduma naipa nyota tano, chakula nyota tatu

Video za konbini za Japani zimejaa mtandaoni na karibu zote zinaongelea chakula, sandwichi ya mayai, kuku wa kukaanga, aiskrimu, mtalii anafungua mfuko anaonja anashangaa, video imeisha. Sina ugomvi na hilo. Ila mimi naishi huku Tokyo, na kwa mtu anayeishi huku konbini ni kitu kingine kabisa, ndio maana nimeona leo niipe maksi kwa upande huo ambao wengi hawausemi. Msimamo wangu nauweka mapema: konbini itumie kama ofisi, usiitumie kama jiko. Ukiishika hiyo maisha yako ya huku yanalainika sana, ukiigeuza mshahara utauona unapita tu.

Kwa asiyezijua, konbini ni duka dogo linalofunguliwa mchana na usiku, zile kubwa ni tatu, 7-Eleven, FamilyMart na Lawson, halafu kuna Ministop, Daily Yamazaki, na ukienda Hokkaido, kile kisiwa cha kaskazini, utakuta Seicomart ambayo watu wa huko wanaipenda kuliko hizo zote. 7-Eleven ilifungua duka lake la kwanza la Japani pale Toyosu, Tokyo, mwaka 1974, na leo konbini za makampuni yote zimepita 50,000 nchi nzima. Mjini unaweza kusimama mlangoni kwa moja ukaiona nyingine ng'ambo ya barabara. Kwahiyo sitaandika duka fulani la mtaa fulani, naandika konbini kama huduma, kwa sababu tofauti kati yao kwa mgeni ni ndogo na zile zenye uzito nitazitaja.

Tuanze na bili maana hapo ndipo konbini inapostahili sifa. Ukishajiandikisha makazi kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, na sheria inakutaka ufanye hivyo ndani ya siku 14 tangu uhamie, baada ya muda bahasha zinaanza kuingia kwenye boksi lako la barua. Bima ya afya ya taifa wanayoiita kokuho, pensheni ya taifa yaani nenkin, umeme, gesi, maji, na ukishakaa kodi ya wakazi nayo inakuja. Zote kwa Kijapani, zote zina mstari wa kukunja na kuchana. Mgeni akizipata mara ya kwanza anachanganyikiwa kabisa, anafikiri kuna kesi. Hamna kesi. Angalia kama karatasi ina msimbopau yaani ile mistari myeusi, ukiiona basi umeshapona, chukua hela nenda konbini saa yoyote hata saa nane usiku.

Pale kaunta inavyokwenda ni hivi, unampa keshia karatasi nzima usiichane mwenyewe, anapitisha kile kimashine piip, kwenye skrini ya upande wako inatokea jumla ya hela, unabonyeza kukubali, unalipa. Mara nyingi kwa malipo haya ni cash tu, kadi ya benki hawapokei, kwahiyo usiende mikono mitupu. Halafu anapiga muhuri mdogo wenye tarehe na jina la duka, sehemu moja anachana anabaki nayo, kipande chako anakurudishia kwa mikono miwili pamoja na risiti. Ni dakika moja. Hajakuuliza kitambulisho wala hajakuuliza kwanini umechelewa, na hujachukua namba ya foleni. Mwisho wa kiwango kwa karatasi moja kawaida ni yen 300,000, na karatasi ina tarehe yake ya mwisho kutumika konbini, ikipita mashine inaikataa na itabidi uende benki au ofisi yenyewe ikupe nyingine.

Sasa hiki kipande chenye muhuri, jamani, naomba kila anayesoma hapa akitilie maanani. USIKITUPE. Mtu anayelipa kokuho na nenkin mwenyewe, siku akija kuomba ukaazi wa kudumu uhamiaji wanataka kuona rekodi ya miaka miwili ya nyuma, na sio tu kwamba ulilipa bali ulilipa ndani ya muda, na vile vipande vyenye tarehe ndio ushahidi wako. Nimeona watu wanalia kwa sababu ya vikaratasi ambavyo vilikaa kwenye mfuko wa suruali vikafuliwa. Nunua faili la yen 100, weka humo. Na ndio maana mimi pamoja na kwamba siku hizi karatasi hizi unaweza kuziskani kwa simu ukalipia kitandani, bado bima na pensheni nazipeleka konbini kwa miguu, kwa sababu ukilipa kwa simu hupati kile kipande chenye muhuri. Umeme na maji lipa unavyotaka, hizo mbili zipeleke kaunta.

Nikiwa hapo hapo kwenye bili, niseme hili kwa wageni wapya maana linauma: kokuho na kodi ya wakazi vinahesabiwa kwa kipato chako cha mwaka uliopita ndani ya Japani. Mwaka wa kwanza huna kipato cha nyuma, kwahiyo bima inakuja ndogo unafurahi unasema huku bima rahisi, halafu mwaka unaofuata kuanzia kama mwezi wa sita bahasha inakuja nene. Jiandae. Pensheni yenyewe kwa mwaka wa fedha wa 2025 ilikuwa yen 17,510 kwa mwezi, inamhusu kila mkazi wa umri wa miaka 20 hadi 59 hata mgeni, ila mwanafunzi anaweza kuomba aahirishiwe na ni bora uombe kuliko kukaa kimya na karatasi droo imejaa. Hayo maombi konbini hawayafanyi, hapo lazima uende ofisini.

Kitu cha pili ninachokipa tano bila kufikiria ni ile mashine kubwa ya fotokopi iliyosimama pembeni karibu na magazeti. Watu wanaipita wanadhani ni ya kutoa kopi tu. Mashine hii inatoa vyeti vya serikali! Ukiwa na My Number kadi, yaani kadi ya serikali yenye namba yako ya utambulisho, na namba yako ya siri ya tarakimu nne, unachagua huduma ya serikali kwenye skrini, unaweka kadi kwenye kile kisahani, unaingiza namba, unachagua cheti cha makazi wanachoita juminhyo, unalipa sarafu, kinatoka kimechapwa. Inafanya kazi saa 12 na nusu asubuhi hadi saa 5 usiku, Jumamosi na Jumapili pia, inafungwa kipindi cha mwaka mpya tu na siku za matengenezo. Manispaa sio zote zimejiunga ila nyingi zimo, na mahali pengi bei ya konbini ni ndogo kuliko ya dirishani. Fikiria mtu mwenye kazi ya kiwandani Jumatatu hadi Ijumaa, ofisi ya serikali inafunga saa 11 na robo jioni, mwenye nyumba anataka juminhyo kesho. Zamani ilikuwa lazima uombe ruhusa kazini, na kuomba ruhusa kazini huku sio jambo dogo.

Mashine itakuuliza unataka cheti kionyeshe nini, uraia, aina ya viza, muda wa viza, na kama unataka namba yako ya My Number ichapwe. Uraia na viza weka maana wengi wanaokidai kwa mgeni wanataka kuviona. My Number usiweke isipokuwa umeambiwa waziwazi iwekwe, kuna mahali ukipeleka yenye namba wanairudisha. Ukikosea namba ya siri mara tatu mfululizo kadi inajifunga. Na kubwa kuliko yote, ambalo linawashika wageni kila siku, My Number kadi ya mgeni inaisha siku viza inapoisha. Ukiongezewa viza kadi haijiongezi yenyewe, lazima uende ofisi ya mtaa waisogeze tarehe kabla haijafika. Mtu anapata viza mpya anafurahi anasahau, mwezi unaofuata mashine ya konbini inamkatalia, anadhani mashine mbovu. Na siku hizi kadi hiyo hiyo ndio inatumika kama kadi ya bima hospitali, kadi za bima za zamani waliacha kutoa mpya tangu Desemba 2024, kwahiyo ikifa inakuangusha sehemu mbili kwa mpigo.

Hiyo mashine pia inachapa faili kutoka kwenye simu. Ukurasa wa nyeusi na nyeupe ni yen 10 hadi 20 kutegemea duka na njia unayotumia. Fomu za uhamiaji, sivii, barua za shule, sijawahi kuona sababu ya kununua printa huku.

ATM nayo. Zile za Seven Bank zilizoko ndani ya 7-Eleven zinakubali kadi za nje ya Japani na zina lugha 12, Kiswahili hakimo lakini Kiingereza na Kifaransa vimo. Hili ni la maana kwa mtu aliyefika juzi, kwa sababu benki nyingi zinamhesabu mgeni wa chini ya miezi sita bila ajira kama sio mkazi na kufungua akaunti ya kawaida inakuwa mizunguko, kwahiyo wiki za mwanzo kadi ya nyumbani na ATM ya konbini ndio zitakuokoa. Makato yapo, toa nyingi kwa mara moja kuliko kidogo kidogo.

Vifurushi nitasema haraka. Ukifanya kazi siku nzima mleta kifurushi anakukosa anaacha kikaratasi mlangoni. Badala ya kukimbizana naye, chagua konbini iwe mahali pa kuchukulia, unapita usiku ukitoka kazini unakiokota. Kutuma pia, 7-Eleven na FamilyMart wanapokea mizigo ya Yamato, kampuni ya kusafirisha vifurushi, Lawson wanapokea ya posta, hata sanduku la safari unaweza kulituma hadi uwanja wa ndege wa Narita au Haneda siku chache kabla ukapanda treni na begi la mgongoni tu. Hii ukishaizoea huwezi kuacha.

Taka pia zinapitia konbini na wengi hawajui. Taka za nyumbani usithubutu kuzibeba ukaziweka kwenye mapipa yao, mabango yameandikwa na maduka mengi yameingiza mapipa ndani kwa sababu hiyo hiyo. Ila taka kubwa, zile ambazo kwenye zile wilaya 23 za Tokyo upande mmoja umezidi kama sentimita 30, godoro, kiti, rafu, unaweka kwanza miadi kwa simu au mtandaoni, wanakwambia gharama, halafu unaenda konbini kununua stika za kubandika. Zipo aina mbili, A ya yen 200 na B ya yen 300, unaunganisha mpaka ifike ile bei, unaandika namba ya miadi au jina lako juu ya stika, unabandika kwenye godoro unaliweka nje asubuhi ya siku hiyo. Miji mingine ina mifuko yake maalumu ya taka na hiyo nayo iko konbini, kwahiyo ukihamia mtaa mpya ingia konbini ya karibu uangalie mifuko gani inauzwa, utajua mtaa ule unataka nini.

Nije kwenye wahudumu na lile suala la lugha. Wageni wengi wanaogopa kaunta, wanaona keshia anaongea haraka na kwa heshima nyingi hawaelewi hata neno. Tulia. Maswali ni yale yale kila siku: kadi ya pointi unayo, chakula kipashwe moto, mfuko unataka, vijiti au kijiko. Mfuko wa plastiki unalipiwa tangu Julai 2020, yen tatu hadi tano, bebeni mfuko wenu. Ukitaka kitu sema onegai shimasu, usipotaka sema daijobu desu na kamkono kidogo, umemaliza. Ukinunua bia skrini inakuuliza kama umefika miaka 20, unabonyeza. Hela weka kwenye kile kisahani usimpe mkononi. Ukikaa kula humo ndani kwenye vile viti, kodi ya chakula inakuwa asilimia 10, ukibeba ni asilimia 8, na ni wewe unayetakiwa kusema kwamba unakaa.

Kuna jambo moja kuhusu hii kaunta ambalo naliona kubwa kuliko bili zote. Huku kutafuta nyumba ukiwa mgeni ni shughuli, utafiti uliofanywa kwa niaba ya Wizara ya Sheria mwaka 2016 ulionyesha karibu watu 4 kati ya 10 waliotafuta nyumba walikataliwa kwa sababu ni wageni. Wakala ananyanyua simu mbele yako, anaongea na mwenye nyumba, unasikia neno gaikokujin yaani mgeni, anakata, anakuangalia kwa huruma. Ukitoka hapo una njaa na moyo umeshuka, unaingia konbini, unasalimiwa kama anavyosalimiwa mzee Mjapani aliyetangulia, unapewa chenji yako kwa mikono miwili, hakuna aliyekuuliza umetoka wapi wala utaondoka lini. Mtu anaweza kusema ni salamu ya kufundishwa kazini, inatoka kila mlango ukifunguka. Sawa, imefundishwa. Lakini imefundishwa bila kubagua, na siku kama hiyo inatosha sana.

Na wanaokusalimia wenyewe mjini mara nyingi ni wageni kama wewe. Wanepali, Wavietnam, Wasri Lanka, Wamyanmar, wengi ni wanafunzi wa shule za lugha ambao sheria inawaruhusu kufanya kazi saa 28 kwa wiki tu, likizo ndefu ndio wanaruhusiwa hadi saa 8 kwa siku. Kijana huyo anapokea bili, anapima vifurushi, anapika kuku, anasafisha choo, anajua aina sijui ngapi za sigara kwa namba, na yote anafanya kwa Kijapani cha adabu alichojifunza juzi. Nawaheshimu mno. Ukikuta foleni imekwama kwa sababu anahangaika na kifurushi usimpigie kelele, na ukimkuta mzee anamfokea kwa matamshi simama naye japo kwa kumshukuru kwa sauti zamu yako ikifika.

Haya, chakula. Hapa ndio naondoa nyota mbili, na sio kwa ladha. Ladha iko vizuri. Chukua onigiri, ule wali wa pembetatu, lile karatasi lake ni kazi ya fundi, mwani umetengwa na wali kwa plastiki nyembamba ili usilainike, unavuta kile kiuzi cha namba 1 kutoka juu kikazunguka hadi nyuma, unavuta kona ya namba 2, kisha ya namba 3, mwani unajishikiza wenyewe kwenye wali ukiwa bado mkavu unalia kruu ukiuma. Samaki shake yaani salmoni, na jodari wa mayonezi ndio za kuanzia. Msimu wa baridi kuna oden, vipande vya vyakula vilivyochemshwa kwenye mchuzi, kwenye masufuria pale kaunta, kuna mikate ya mvuke, kahawa ya mashine ya yen mia na kitu inashinda kahawa za mgahawani nyingi.

Tatizo la kwanza ni bei. Mchele ulipopanda 2024 na 2025 onigiri nazo zikapanda, iliyokuwa yen mia na kidogo sasa nyingi zinacheza 150 hadi 200 na zaidi. Onigiri mbili, kuku mmoja, kinywaji na kitu kitamu, unakaribia yen 1,000 na baada ya saa mbili una njaa. Fanya hivyo asubuhi na jioni mwezi mzima uone. Supamaketi ya mtaa huo huo maji, maziwa, mayai, tofu vyote viko chini, na ukienda jioni kuanzia saa moja moja hivi wanaanza kubandika stika za punguzo kwenye vyakula vilivyopikwa, asilimia 20, 30, mpaka nusu bei karibu na kufunga. Ukitaka kupika kama mtu anayeijua sufuria, tafuta Gyomu Super, supamaketi ya bei nafuu, kuna kuku wa Brazil wa kugandishwa mwenye alama ya halali kwa mifuko ya kilo mbili, maharage, viungo, unga. Hapa Tokyo, mtaa wa Nishi-Kasai kwenye maduka ya Wahindi kuna dengu na unga wa chapati, mtaa wa Shin-Okubo kuna kichochoro kizima cha maduka ya halali. Huko ndiko jiko liliko.

Tatizo la pili ni kwa ndugu zangu Waislamu na yeyote asiyekula nguruwe. Konbini ni ngumu kweli. Sio nyama tu, mafuta ya nguruwe yamo kwenye mikate na tambi, supu ya nguruwe imo kwenye vitu ambavyo kwa macho ni mboga, jelatini imo kwenye mtindi na pipi, na mirin ambayo ni ya kilevi imo kwenye vitoweo vingi. Jifunze alama hii 豚, maana yake nguruwe, uitafute nyuma ya pakiti kwenye viambato. Ila elewa kwamba kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha mzio, ngano, mayai, maziwa na wenzake ni lazima kisheria kutajwa, nguruwe yeye yuko kwenye kundi la kushauriwa tu, kwahiyo kutoiona hiyo alama kwenye kile kisanduku cha mzio sio uthibitisho kwamba hamna. Soma orodha nzima ya viambato, na hata hapo viungo vya pamoja kama kiemulsifaya, kile cha kuchanganya mafuta na maji, havisemi vimetoka kwa mnyama au mmea. Mimi nawaambia wazi, ukiwa makini na dini yako konbini kula matunda, karanga, mayai ya kuchemsha yasiyo na sosi, maji, basi. Ningependa sana makampuni haya yenye maduka maelfu waweke alama moja ndogo ya picha ya nguruwe mbele ya pakiti, haiwagharimu kitu, na Waislamu wanaoishi na kusoma na kufanya kazi Japani sasa hivi ni wengi.

Tatizo la tatu ni polepole, huwezi kuliona wiki ya kwanza. Konbini inakuhudumia vizuri mno kiasi kwamba unaweza kukaa mwaka mzima Japani hujaongea na jirani hata mmoja. Kila kitu kinaisha kwa daijobu desu. Keshia anabadilika kila zamu, hakujui jina. Mama muuza mboga wa kwenye shotengai, ile mitaa ya maduka ya zamani, yeye atakuuliza hii boga unaipikaje kwenu, atakwambia yake anaichemsha na sukari na sosi ya soya, kesho akikuona atauliza ilitokaje. Kijapani changu kizuri chote kimetoka kwa watu wa namna hiyo. Kwahiyo mboga na samaki nunua kwao hata kama konbini iko karibu zaidi, na hata kama siku za mwanzo mnaongea kwa vidole.

Vidogo vidogo vya kuondoa robo nyota: vyoo, nyingi wanaruhusu bure lakini katikati ya Tokyo kuna ambazo hazina kabisa au wamefunga, uliza kabla hujaingia. Stempu za ushuru za serikali, konbini nyingi wanakuwa na ile ndogo ya yen 200 tu, za kubwa za kupeleka uhamiaji nenda posta usipoteze asubuhi yako. Na bei ya vitu vya ghafla kama mwavuli, betri, soksi ni ya juu, duka la yen 100 linakungoja dakika tano mbele.

Upande wa majanga naomba msiupuuze. Japani ni nchi ya matetemeko, na treni zikisimama Tokyo watu mamilioni wanabaki kutembea. Konbini nyingi zina makubaliano na serikali za mikoa, utaona stika mlangoni inayosema ni kituo cha kusaidia wanaorudi nyumbani kwa miguu, maana yake siku hiyo watakupa maji ya bomba, choo, na habari za barabara kadiri watakavyoweza. Tangu 2017 zile kampuni tatu kubwa zimewekwa rasmi na serikali kwenye orodha ya mashirika yenye wajibu wakati wa majanga. Tembea siku moja kutoka kazini hadi kwako uone zenye stika ziko wapi, uzijue kabla.

Mwisho kwa wale mnaohamia mikoani kwa kazi za kilimo, uangalizi wa wazee au viwanda, msidanganyike na picha za Tokyo. Huko konbini moja inaweza kuwa kilomita kadhaa, ina uwanja mkubwa wa magari mbele, na tangu ule mjadala wa 2019 wa wenye maduka kuchoka na kukosa wafanyakazi zipo zinazofunga usiku. Kabla hujasaini nyumba fungua ramani, pima umbali kwa baiskeli, angalia kama kuna mlima, uliza wanafunga saa ngapi na kama mashine yao inatoa juminhyo ya manispaa ile. Kwa aliyeko Hokkaido tafuta Seicomart yenye jiko la Hot Chef ndani, wanapika pale pale dukani, na hiyo peke yake ndio naiongezea nyota ya nne ya chakula.